Kabla ya Kuilaumu Mota ya Stata

Kadhia ninayotaka kuzungumza nanyi jioni hii ni ya stata ya umeme katika pikipiki iliyokwisha kula miaka; ile stata ambayo mwenye chombo hubonyeza kitufe chake asubuhi akasikia kimya, au akasikia mlio mmoja mkavu kisha kimya, akakunjua kiki, akapiga kwa mguu, pikipiki ikawaka, naye akashika njia huku akiahidi moyoni kwamba ataitazama kasoro hiyo siku ya nafasi. Siku ya nafasi aghalabu haiji. Pikipiki hukaa mwaka, hukaa miwili, kitufe kikiwa pale kwenye usukani kama pambo, na mwenyewe akiulizwa hujibu kwamba stata ilikufa zamani.

Nimeichagua kadhia hii kwa kuwa katika mkoa wetu wa Simiyu, tangu kabla haujaundwa mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao yake makuu, wakati wengi wetu tulipokuwa tungali tukihesabiwa watu wa Shinyanga, pikipiki ilikwisha kuwa mguu wa pili wa mwanadamu. Msimu wa pamba ukifika, kuanzia Mei hadi kuingia Agosti, ndiyo inayokwenda na kurudi baina ya mashamba ya Itilima na Meatu na vituo vya AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima. Ndiyo inayomfikisha bwana mifugo kwenye zizi lisilofikiwa na gari. Ndiyo inayopakia abiria wa Lamadi, wa Dutwa na wa Maswa. Na si kila apandaye chuma hiki ana mguu wa kupiga kiki. Yupo muuguzi aliyevaa gauni la kazi, yupo mzee mwenye goti bovu, yupo kijana aliyempakia mgonjwa nyuma, injini ikamzimikia katikati ya mbuga saa mbili za usiku, asiweze kuiinamisha pikipiki apige kiki bila ya kumteremsha mgonjwa chini. Kwa watu hawa stata ni haja, wala hawastahili kuambiwa wavumilie.

Neno langu ni moja, nami nitalifuata mpaka mwisho: mota ya stata ndiyo hulaumiwa kwanza, nayo mara nyingi ndiyo isiyo na hatia. Nimewaona watu wakiuza kuku na mbuzi wanunue mota mpya, wakaifunga, wakabonyeza, wakapata kimya kile kile walichokuwa nacho jana. Na ile mota ya zamani, iliyotupwa kwenye boksi la vyuma chakavu, ilikuwa nzima.

Na stata kuangushwa na kitu kingine kisichokuwa mota hakukuanza kwetu. Bwana Charles Kettering, mhandisi wa mji wa Dayton katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ambaye kabla ya hapo alikuwa amebuni mota ndogo ya kufungulia mashine za kuhesabia fedha madukani, alitambua jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani: kwamba mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi chake, mradi iubebe kwa nukta chache tu kisha ipumzishwe. Kwa dhana hiyo akatengeneza, mwaka 1911, stata ya umeme ya magari ya Cadillac, nayo ikauzwa katika magari ya mwaka 1912. Miaka miwili baadaye, yaani 1914, kampuni ya Indian ya Marekani ikatoa pikipiki yenye stata ya umeme iliyoitwa Hendee Special, na ikawa aibu, maana ilibidi iondolewe sokoni upesi. Na kilichoiangusha hakikuwa mota, zilikuwa betri za zama zile, zisizoweza kuhimili kazi ile. Pikipiki ndogo zenye stata ya kutegemewa zilikuja kuenea baadaye sana, Honda wa Japani alipoanza kuziuza mwishoni mwa miaka ya 1950.

Injini za pikipiki nyingi za Kichina tunazozipanda hapa, za SanLG na za jamaa zake, zimefuata mfano wa Honda CG125, injini iliyobuniwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambamo matengenezo ni haba na barabara ni mbovu. Ile ya asili iliwashwa kwa kiki. Stata ilikuja kuongezwa. Injini ikarithi subira kubwa ya kustahimili kusahauliwa, ilhali betri haikurithi kitu. Fauka ya hayo, katika nyingi ya pikipiki hizi moto wa plagi hutoka kwenye koili ya magneto wala hauombi msaada wa betri, na kwa hiyo betri ikifa kabisa chombo huwaka kwa kiki na kwenda mjini kama kawaida. Hapa ndipo ulipo mzizi wa maradhi: mwenye pikipiki hapati adhabu ya kuisahau betri mpaka siku atakapoihitaji stata.

Sasa tuifuate njia ya umeme, maana asiyeijua njia hawezi kujua mahali ilipokatika. Njia ni mbili. Ya kwanza ni nene: hutoka kichwa cha chanya cha betri, huingia kwenye rilei ya stata, hutoka upande wa pili kwa waya mnene hadi kwenye mota, hupita ndani ya mota, hushuka kwenye chuma cha injini, na kurudi kichwa cha hasi kwa waya unaofungwa kwenye bodi. Ya pili ni nyembamba: hupita kwenye fyuzi, kwenye swichi ya ufunguo, kwenye kitufe cha kidole gumba, na katika baadhi ya pikipiki kwenye swichi ndogo ya klachi au ya fri, na kazi yake ni kuiamsha rilei tu, ili rilei iufungue mlango wa njia nene. Watu wengi huichanganya njia moja na nyingine, wakatengeneza nyembamba iliyokuwa nzima na kuiacha nene iliyooza.

Stata iliyogoma huongea, na anayesikiliza vizuri huwa amekwisha kuikata kazi nusu kabla hajashika spana. Ukibonyeza ukasikia kimya kitupu, piga honi au washa indiketa. Usiipime betri kwa taa kubwa, kwa kuwa katika pikipiki nyingi za namna hii taa kubwa hulishwa na magneto na haiwaki injini ikiwa imezimwa. Honi ikilia kwa nguvu na stata ikawa kimya, shuku njia nyembamba: kitufe, swichi ya klachi, nyuzi zilizokatika shingoni mwa usukani kwa sababu ya kukunjwa kulia na kushoto miaka yote. Ukisikia mlio mmoja, rilei imeamka lakini umeme haufiki kwenye mota kwa kiasi kinachotosha. Ukisikia mfululizo wa ta-ta-ta-ta, karibu ninyooshe kidole kwenye betri bila ya kuuliza zaidi: rilei hufunga, mota huanza kuvuta, volti huanguka, rilei hukosa nguvu ya kushika na kuachia, volti hupanda tena, rilei hushika tena, na hivyo hivyo. Ukisikia mota ikizunguka kwa wepesi na injini imetulia, umeme hauna kosa. Kosa ni la chuma, nalo nitalijia.

Betri na ipimwe kwa mita, si kwa kugusisha waya kuona cheche, maana betri ya maji hutoa hewa inayoshika moto na imewahi kuwapasukia watu usoni. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12 kamili imekwisha kupungukiwa sana, ijapokuwa jina lake la volti 12 huwadanganya wengi wakadhani iko sawa. Lakini kipimo cha haki ni kile cha wakati wa kazi: mtu mmoja abonyeze kitufe huku mwingine akitazama mita kwenye vichwa vya betri, na namba ikianguka chini ya volti 10 kwa kadiri fulani, ikafika 9, ikafika 8, basi betri haina nguvu hata kama kabla ya kubonyeza ilisoma vizuri. Na ikiwa namba haikuanguka hata kidogo, ikabaki 12.5 huku stata imenyamaza, betri imesalimika, maana hakuna anayeichota. Njia imekatika mahali fulani mbele.

Nilikaa siku moja chini ya mwembe wa fundi mmoja hapa Bariadi, mtu mzima wa maneno machache, alipoletewa pikipiki na kijana aliyekwisha kununua mota mpya na kuishika mkononi ndani ya mfuko wa plastiki. Stata yake ilikuwa ya kulia mara moja na kunyamaza. Fundi hakuigusa mota. Alipima betri, akaridhika nayo. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, na ncha ya pili kwenye gamba la mota yenyewe, akamwambia kijana abonyeze. Mita ile, ambayo mahali pale ingepasa kusoma karibu na sufuri, ikasoma zaidi ya volti 3. Mzee akafuata kwa kidole ule waya wa hasi mpaka ulipofungwa kwenye bodi chini ya kiti, akaifungua nati, na tukaona wote: kichwa cha waya kimeota kutu ya kijani, na chini yake rangi ambayo mtu fulani alipulizia alipokuwa akiipendezesha pikipiki, na juu ya rangi lile tope jeusi la mbuga lililokauka likawa gumu mithili ya jiwe. Akakwangua kwa bisibisi, akapitisha msasa mpaka chuma kikang'aa pande zote mbili, akafunga, akapaka grisi juu. Stata ikazunguka mara ya kwanza. "Ng'wanawane," yaani mwanangu, akamwambia, "rudisha mota ya watu kabla duka halijafungwa." Kijana akaitikia, "Asante, baba," akaondoka.

Kijana alikuwa ameuliza swali la maana, nami nataka kulijibu hapa kwa tafsili kwa kuwa ndilo linalowapoteza wengi: yawezekanaje indiketa ziwake vizuri, honi ilie, na huku waya ule ule wa bodi uwe mbovu? Taa ya wati 10 huchota chini ya amperi 1; mota ya stata huchota makumi ya amperi. Tuseme kutu ile imeweka kizuizi cha omu 0.05, kitu kidogo hata mita ya kawaida haiwezi kukionyesha sawasawa. Taa ikipita pale hupoteza volti 0.04, hakuna jicho litakaloona tofauti. Mota ikitaka amperi 60 ipitishe pale pale, volti 3 nzima hupotea njiani, na kinachobaki hakitoshi kuisukuma injini. Ni kama mlango wa zizi uliozibwa nusu kwa miiba: ndama mmoja hupita bila taabu, lakini kundi zima la jioni hukwama na kusukumana. Ndiyo maana kupima waya mnene kwa taa ya testa ni kujidanganya, na kipimo cha kweli ni kupima volti inayopotea huku stata ikiwa imebonyezwa, kiungo kwa kiungo: kichwa cha betri na waya wake, upande huu wa rilei na upande ule, waya wa bodi na gamba la mota. Kiungo kizima hupoteza chini ya nusu ya volti. Chochote kinachozidi hapo kifunguliwe na kusafishwa.

Mazingira yetu yanachangia mno. Kiangazi vumbi laini la barabara za Meatu huingia kila penye upenyo, hata ndani ya kitufe cha stata, likashikana na jasho la kidole. Masika pikipiki huzama ndani ya udongo mweusi, kisha hupelekwa kuoshwa kwa mashine ya maji ya nguvu inayosukuma maji mpaka ndani ya rilei na viungo. Kitufe hufunguliwa kwa bisibisi ndogo, juu ya kitambaa, maana ndani mna springi ndogo inayoruka na kupotelea mchangani. Vishikizo vyake husuguliwa kwa msasa laini, na mara nyingi hiyo huwa ndiyo kazi yote. Vichwa vya betri vilivyoota ukungu mweupe huoshwa kwa maji ya vuguvugu yaliyoyeyushwa magadi, mifuniko ya betri ikiwa imefungwa barabara ili magadi yasidondokee ndani yakaua ile tindikali tunayoihitaji. Ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, maliza na hasi, spana yako isije ikagusa fremu ikatoa cheche.

Rilei hujaribiwa kwa kuunganisha zile nguzo zake mbili nene kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki, gia ikiwa fri, kifuniko cha tenki kimefungwa, na hakuna petroli inayovuja. Mota ikizunguka, ilhali kwa kitufe rilei hulia tu bila mota kuzunguka, rilei imeungua ndani. Ukiona cheche kubwa na mota imetulia, mota imekwama au ina shoti. Ukikosa hata cheche ndogo, njia imekatika ndani ya mota au kwenye bodi. Hapo tu, baada ya yote hayo, ndipo ninapokubali mota ifunguliwe.

Na ikifunguliwa, ifunguliwe kwa adabu. Chora alama kwenye gamba na vifuniko vyake kabla ya kutoa zile bolti mbili ndefu, na vile vibati vyembamba vya mwishoni mwa ameta vipange kwa utaratibu vilivyotoka. Utakuta vumbi jeusi la kaboni, nalo lifutwe kwa kitambaa kikavu. Kaboni zilizokwisha mpaka springi haizisukumi tena zibadilishwe. Wapo mafundi wanaochonga kaboni za mota nyingine mpaka zitoshe, na wakifanya kwa uangalifu, zikateleza bila kukwama ndani ya nyumba zake, sioni ubaya. Ninaloliona baya ni kuisugua shaba ya ameta kwa msasa mkali wa mbao na kuacha mifereji iliyo baina ya vipande imejaa unga wa shaba, kwa maana hapo mtu huwa ameifanyia shoti kwa mikono yake mwenyewe.

Nilisema nitaijia ile mota inayozunguka na injini imetulia. Nyuma ya magneto pana klachi ya stata inayoshika upande mmoja na kuachia upande wa pili, ili injini ikishawaka isiiburute mota. Vigololi vyake virefu na springi zake huchakaa kwa miaka, vikaanza kuteleza, na dalili yake ni mlio wa kusaga unaokuja na kupotea. Kazi hii yataka chombo maalumu cha kutolea magneto. Fundi akichukua nyundo, mwombe aache, kwa sababu magneto iliyogongwa hupoteza sumaku au hupasuka, na hapo hasara ya kiki nayo itakuwa imeingia.

Lipo pia lile linalotisha, la stata kutoacha kuzunguka hata ufunguo ukizimwa. Rilei imeshikana ndani kwa joto. Usihangaike na kitufe. Toa waya wa hasi wa betri upesi. Jambo hili huletwa aghalabu na betri dhaifu pamoja na ubishi wa kidole, mtu kushikilia kitufe nukta 20 na 30 bila kuachia, kinyume kabisa na ile dhana ya Bwana Kettering. Nukta 5 zatosha, kisha pumzisha robo dakika.

Mwisho nisemee chaji na betri mpya. Injini ikiwa imewaka na mafuta yameongezwa kiasi, vichwa vya betri visome baina ya volti 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na ushei, tazama rektifaya na viungo vya magneto. Ikipanda kupita 15, rektifaya haizuii tena na betri itachemka ikauke. Vijana wetu waliofunga redio kubwa, taa za rangi na chaja za simu za abiria, nawaheshimu kwa kupenda chombo chao kipendeze, lakini magneto ya pikipiki ndogo ina kipimo chake. Safari fupi za sokoni na stendi, stata ikitumika kila dakika kumi na redio ikilia injini imezimwa, hutoa katika betri zaidi ya zinavyoingiza. Maji ya kuongeza yawe yale ya betri yauzwayo dukani, wala yasiwe ya kisima, na hasa visima vya Meatu vinavyojulikana kwa floridi. Na mahali ambapo maji yamepungua kwa kuchemka tu usiongeze maji makali, maana tindikali haikuondoka, kilichoondoka ni maji.

Na unaponunua betri mpya ya maji, usikubali ijazwe tindikali ikafungwa na kubonyezwa hapo hapo ili muuzaji akuonyeshe kwamba inafanya kazi. Itafanya kazi, na itakuwa imefupishiwa umri. Ikishajazwa ikae nusu saa, kisha ichajiwe polepole, kwa sehemu moja ya kumi ya kipimo chake, yaani betri ya amperi-saa 5 ipewe nusu amperi, tangu jioni mpaka asubuhi. Na kwa kuwa mashine nyingi za kuchajia hapa mjini zimewekwa kwa ajili ya betri za magari, muulize mwenye mashine, kabla hajaunganisha, anaipa betri yako amperi ngapi.